Hatamu, lijamu, shemere au usukani: uchague lipi unapoandika habari za madaraka?

Anayeandika habari, hotuba au shairi hapa Unguja na Pemba hakawii kufika mahali pa kusema kwamba fulani sasa ndiye mwenye kuongoza. Hapo kalamu huenda yenyewe kwenye "kushika hatamu". Si neno baya. Ila limetumika mpaka wengi wanaolitumia hawaoni tena mnyama wala kamba, na ndipo zinapozaliwa sentensi kama "hatamu mpya imezinduliwa" au "tumeingia katika hatamu ya maendeleo". Hatamu haizinduliwi wala haiingiwi. Inashikwa, inavutwa, inalegezwa, inakabidhiwa, inapokonywa. Basi.

Nayaweka hapa maneno ya jamaa moja ili anayeandika apate pa kuchagulia: hatamu, lijamu, shemere na usukani, na kigwe kwa mbali. Nayapima kwa swali moja tu: nani anavuta, na anayevutwa ana hiari kiasi gani?

Vitu vyenyewe kwanza

Lijamu ni chuma kinachotiwa mdomoni mwa farasi au punda. Hukaa juu ya ulimi, kwenye pengo lisilo na meno baina ya meno ya mbele na magego, na huko ndiko mnyama anakosikia uchungu upesi. Hatamu ni kamba au ukanda unaotoka kichwani mwa mnyama mpaka mkononi mwa anayemwongoza. Kwa farasi, ukanda huo hufungwa kwenye ncha mbili za lijamu, kulia na kushoto, na kwa hivyo wingi unakaa vizuri mdomoni: "hatamu za uongozi". Umoja nao si kosa, lakini sikio la wengi limezoea "za".

Kigwe ni kamba nyembamba iliyosukwa. Zamani vigwe vilikuwa pia jina la hatamu za farasi. Leo ukitaja kigwe mtu atafikiri habari ya mshono wa nguo. Kwa habari za uongozi, kiache.

Shemere ni kamba inayopitishwa puani mwa ng'ombe. Hii ndiyo inayoonekana kwetu kila siku. Gari la ng'ombe linalobeba mchanga, mawe au kuni huko mashamba halina lijamu hata moja. Ng'ombe anageuzwa kwa kamba ya pua, na bakora kidogo. Na hapa pana jambo ambalo wapenzi wa "hatamu" hawalijui: neno hilo limetoka katika Kiarabu, khitamu, na asili yake ni kamba ya puani mwa ngamia. Kwa hiyo kijana aliyekaa juu ya gari la ng'ombe yuko karibu zaidi na hatamu ya asili kuliko mtalii anayepanda farasi ufukweni. Ngamia nao Zanzibar walikuwepo. Mjini walikuwa wakizungusha vinu vya mafuta ya simsim, wamefungwa macho, duru baada ya duru.

Farasi hapa alikuwa mnyama wa jumba la Sultani, si wa mtaa. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake namna watoto wa jumba walivyofunzwa kupanda, na habari za punda weupe wa Maskati waliokuwa fahari ya wenye nafasi. Wengine walikwenda kwa miguu. Tena Unguja ilikuwa na mbung'o, adui wa farasi na ng'ombe, mpaka walipomalizwa kwa kuachiwa madume tasa katika miaka ya 1990. Wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Kwa hivyo maneno ya farasi yalikaa midomoni mwa watu wengi ambao mikono yao haikupata kugusa lijamu. Sioni vibaya. Lakini ndiyo sababu ya kuyachezea ovyo.

Hatamu au kiti?

Chaguo la kwanza ambalo mwandishi hulikosea ni baina ya kutawala na kushika hatamu. Anadhani ni kitu kimoja, na mara nyingi sivyo. Aliyepanda ni mmoja, anayeongoza huenda akawa mwengine kabisa. Mtoto akipandishwa punda, yuko juu, kavaa kofia yake, lakini kamba iko kwa baba anayetembea chini.

Historia yetu inalionyesha hili waziwazi. Mwaka 1890, wakati wa Sayyid Ali bin Said, Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata balozi wao, Gerald Portal, akazipanga upya fedha za serikali, na Lloyd Mathews akawa Waziri wa Kwanza. Sultani alibaki: bendera yake ilipepea, jina lake lilisomwa kwenye khutba, mizinga ya heshima ikapigwa. Mapato yakawa na msimamizi mwengine, naye Sultani akapangiwa fungu lake. Ukiandika "Sayyid Ali alishika hatamu mpaka mwaka 1893" umeandika uongo, japokuwa hukukusudia. Andika "alitawala" au "alikuwa kitini mpaka mwaka 1893". Hizo ni kweli. Hatamu zilikuwa kwengine.

Agosti 1896 inasaidia zaidi, maana yamo mafungu matatu ndani ya siku tatu. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25. Siku hiyohiyo Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ya ridhaa ya Waingereza: huyo *alijitwalia* hatamu, na kwa siku mbili alizishika kweli, maana walinzi na mizinga ya jumba vilikuwa vikimtii yeye. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zikapiga jumba, na haikutimia saa moja *akapokonywa*. Kisha akawekwa Sayyid Hamoud bin Mohammed. Wengi wangeandika Hamoud "alikabidhiwa hatamu". Mimi ningeandika "aliwekwa kitini". Aliyewekwa na mtu, na huyo mtu hajaondoka, hajakabidhiwa kamba.

Kwa mwandishi wa leo kipimo ni hichohicho. Mkurugenzi mpya ameteuliwa, lakini saini ya fedha ni ya bodi; mwenyekiti wa skuli amechaguliwa, lakini mwalimu mkuu ndiye anayeamua. Uliza kamba iko mkononi mwa nani, kisha ndiyo uandike. Kama hujui, "ameteuliwa" au "ameanza kazi" ni maneno mazuri tena hayamsingizii mtu.

Hatamu na historia yake ya karibuni

Kuna sababu nyengine ya kulishika neno hili kwa uangalifu, nayo ni ya kisiasa. Mwaka 1975 Katiba ya Tanzania ilibadilishwa ikatamka kwamba Chama ndicho chenye kauli ya juu. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP vikaungana, ikazaliwa CCM. Katika miaka ile "Chama kushika hatamu" lilikuwa tamko la kila mkutano. Mtoto wa skuli alilijua kabla hajaiona hatamu yoyote. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi na tamko likapoteza nguvu yake ya kisheria, lakini harufu yake haikuondoka.

Kwa hiyo msomaji wa makamo, wa Michenzani au wa Wete, akisoma "chama fulani kimeshika hatamu", anasikia zaidi ya ulichoandika. Akiwa upande mmoja atasikia sifa, akiwa upande mwengine atasikia kejeli. Ukitaka hivyo, sawa, ni haki yako. Ukitaka habari isiyo na upande, "kimeunda serikali" inakutosha.

Na "kugawana hatamu"? Neno hili lilienea baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari walipokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yenye Rais, Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili. Kwa macho ya karatasi linapendeza. Kwa macho ya mnyama ni balaa: mmoja akivuta kulia na mwengine kushoto, farasi atainua kichwa, atazunguka palepale, au atamwangusha aliyemo. Anayetaka kuikosoa serikali ya namna ile amepata neno lake. Anayetaka kuieleza tu aseme "kugawana madaraka". Papo hapo wahenga wanatukumbusha kuwa mpanda farasi wawili hupasuka msamba, ingawa hapo walikuwa wakimsema mtu mwenye tamaa, si serikali.

Lijamu: neno la kuzuia

Hatamu inaelekeza, lijamu inazuia. Ukiikumbuka tofauti hii hutakosea mara nyingi. Hatamu unaweza kuilegeza farasi akaendelea kwenda. Lijamu imo mdomoni hata pale usipovuta, na mnyama anajua imo.

Kwa hivyo tunatia lijamu vitu ambavyo asili yao ni kukimbia: ulimi, hasira, matamanio, nafsi. Mwezi wa Ramadhani khutba zinajaa "kuitia nafsi lijamu", na neno linakaa mahali pake sawasawa, maana funga huanzia mdomoni. Iko pia hadithi ya Mtume inayojulikana sana: aulizwaye elimu akaificha, atatiwa lijamu ya moto Siku ya Kiyama. Adhabu imewekwa palepale penye kosa, yaani kinywani. Huwezi kutia "hatamu ya moto" hapo, maana ingepotea. Kinyume chake, katika hadithi nyengine, Jahannamu italetwa ikiwa na hatamu 70,000, kila moja ikivutwa na malaika 70,000. Huko jambo ni kuvutwa na kuletwa, na hatamu ndiyo iliyofaa.

Bei, matumizi na mikopo? "Serikali yatia lijamu bei ya unga" inasomeka, na kwa kichwa cha habari ina nguvu. Lakini kwenye taarifa yenyewe "kudhibiti bei" na "kubana matumizi" ni nyepesi zaidi na kila mtu anazielewa. Lijamu ikirudiwa mara nne katika ukurasa mmoja inachosha.

Tahadhari: usimtie mtu mzima lijamu bila ya kukusudia tusi. "Mkuu wa wilaya awatia lijamu wavuvi" inawafanya wavuvi wanyama. Hatamu ina hatari hiyohiyo kwa kadiri ndogo, kwa kuwa husemwa "hatamu za uongozi", si "hatamu za watu". Shemere ndiyo mbaya kuliko zote. Kumwambia mtu ametiwa shemere ni kusema anaburutwa kwa pua na hana kauli nyumbani kwake. Kwenye mzaha wa barazani litachekesha. Kwenye gazeti litakuletea kesi.

Usukani: chombo hakina ukaidi

Kwa watu wa visiwa ningetarajia usukani uwe neno la kwanza, na hatamu la pili. Kwa nini imekuwa kinyume sijui kueleza kwa neno moja, lakini lugha ya dola hapa ilijengwa na watu wa jumba, na jumba lilipenda farasi.

Tofauti yao ni hii. Mnyama ana nia yake: anaweza kukubali, kukataa, kuogopa, kulipiza. Jahazi halina nia. Linalolihangaisha liko nje, upepo na mkondo na mawimbi. Basi ukiandika juu ya kuongoza watu wenye rai zao, chama chenye mirengo, wachezaji wakaidi, hatamu inafaa. Ukiandika juu ya kupitisha taasisi katika hali ngumu iliyotoka nje, kama bei ya karafuu kuanguka duniani au watalii kukatika wakati wa maradhi ya Uviko, usukani ni bora mara mbili. Mwenye chombo hana wa kumlaumu isipokuwa bahari na mkono wake.

Kuna jengine ambalo mabaharia wanalijua na waandishi hawalikumbuki: usukani haufanyi kazi chombo kikiwa kimesimama. Bila ya maji kupita ubavuni, ukilizungusha kana, yaani mpini wa usukani, kulia na kushoto utachoka bure. Farasi aliyesimama unaweza kumgeuza kwa hatamu. Jahazi lililokosa upepo huligeuzi kwa usukani. Hivyo shirika lililolala, halina fedha wala kazi, mkuu wake mpya "hajashika usukani" wa maana yoyote. Mwambie kwanza apandishe tanga.

Na wingi wa washikaji una methali yake tayari: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hii huhitaji kuibuni upya.

Ubaya wa usukani ni kwamba gari limeuchukua. Kijana wa mjini akisikia usukani anamuona dereva wa daladala, si nahodha. Maana ya kuongoza haipotei, lakini bahari inapotea. Ukiitaka bahari, itaje: tanga, kana, mkondo, kitu chochote kimoja kinatosha.

Kulegeza, kuachia, na "hatamu huru"

Mahali pengine penye mtego ni pale mtu anapopewa uhuru wa kufanya atakavyo. Siku hizi nasoma "kocha amepewa hatamu huru". Hiyo ni tafsiri ya harakaharaka kutoka lugha za kigeni, na kwa Kiswahili haisemi kitu. Hatamu iliyo huru ni hatamu isiyo na mshikaji, na farasi yuko Fumba huko peke yake. Sema kocha "ameachiwa uwanja", au "ameachiwa afanye atakavyo". Kama ni mzazi na mtoto, "amemlegezea kamba" ni Kiswahili cha kila nyumba.

"Kuachia hatamu" ni jambo jengine, maana yake ni kuondoka madarakani. Usiitumie kwa mtu aliyempa mwenzake nafasi huku mwenyewe bado yupo. Huyo *amelegeza*. Tofauti ya kitenzi kimoja, na habari imegeuka.

Hatamu si hatima

Makosa ya herufi ningeyapita, lakini hili limezidi. "Ameshika hatima ya uongozi", "hatamu ya maisha yake haijulikani". Hatima ni mwisho, au yatakayomfika mtu. Inatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa kuhitimu na hitima, ile tunayomsomea marehemu. Hatamu ina mzizi mwengine, na Kiarabu kinazitenga kwa herufi mbili tofauti, te na twe, ambazo Kiswahili kimeziandika kwa t moja. Anayesema "hatima ya nchi iko mikononi mwetu" amesema sawa. Anayesema "hatamu za nchi ziko mikononi mwetu" naye amesema sawa, lakini amesema kitu kingine: wa kwanza anazungumzia mwisho wa safari, wa pili anazungumzia safari yenyewe.

Lijamu nayo ina tatizo dogo. Li- yake si kiambishi, ni sehemu ya neno, kwa hivyo hakuna "jamu" wala "majamu". Sema lijamu hii, lijamu hizi.

Kwa washairi

Hapa uamuzi ni wa vina na mizani, na hatamu inashinda kwa urahisi. Ina mizani tatu na kina cha -mu, ambacho kinakupa kalamu, salamu, nidhamu, hukumu, binadamu, na lijamu yenyewe. "Shika hatamu ya moyo" ni mizani nane kamili. Ukibadilisha ukaweka lijamu hesabu haibadiliki, kwa hiyo chagua kwa maana: hatamu kama moyo unautaka uende, lijamu kama unautaka utulie. Usukani una mizani nne na kina cha -ni, nacho ni rahisi mno, kila mahali pana -ni, na ubeti unakuwa mwepesi. "Shika usukani moyo" nayo ni nane, lakini imebidi "wa" iondoke, na wakali wa barazani watakuuliza ilikokwenda. Shemere ina tatu, kwa -re, na kina hicho kitakuchosha kabla ubeti wa tatu haujafika.